Kabla hujaandika barua ya kuacha kazi

Mwanangu, salama? Juzi ulipiga ukalia halafu ukakata ati eataimu imeisha, nikajua siyo eataimu. Usiku sikulala. Nikasema wacha niandike, maana kwa simu mimi na wewe tunaishia kubishana tu.

Umesema unesi umekuchosha. Mimi nimeifanya miaka 31, nimetoka na miguu imevimba, kwa hiyo sitakwambia ni wito, vumilia. Hayo ya wito tulikuwa tunaambiwa kila tarehe 12 Mei, siku ya manesi, mnapewa soda na fulana, kesho yake mko wawili wodini na wagonjwa wengine wamelala chini.

Ila kitu kimoja jiulize mama, hasa nini kinakuchosha? Mi nilikaa miaka nadhani nimewachoka wagonjwa, kumbe nimechoka na kabati tupu.

2001 serikali ya Uganda ilipofuta kosti sheringi, ile hela mgonjwa aliyokuwa anachangia akitibiwa, watu walijaa hospitali mpaka kwenye korido, na ilikuwa vizuri, wamama waliokuwa wanazalia nyumbani kwa kukosa hela wakaanza kuja. Lakini ile hela yao ndo ilikuwa inatutolea kaposho kidogo, ikakatika, na dawa nazo haziongezeki kama watu wanavyoongezeka. Usiku mmoja wakaleta mama kwa boda, kichwa cha mtoto kinaonekana, nafungua boksi la glovu nakuta vumbi. Nikamtuma bwana yake mbio duka la dawa ng'ambo ya geti. Akarudi, akanitupia pakiti usoni, "si nyie mnaziuza!" Nikazivaa hizo hizo nikazalisha, mtoto wa kiume, kilo tatu na nusu, nikafunga kitovu, nikasafisha mama, halafu nikaingia stoo nikalia mpaka skafu ikalowa. Mshahara mdogo mtu anauzoea hivo hivo vibaya. Kuitwa mwizi wa kitu ambacho hata hujakiona wiki mbili, hicho mimi kilinishinda.

Baadaye nikahamishiwa helsenta foo, kituo cha afya cha ngazi ya nne, huku karibu na Arua. Mshahara ule ule, glovu zinaisha vile vile, lakini inchaji wetu, yaani msimamizi wa kituo, alikuwa mtu. Rota ya zamu inatoka mwezi mzima kabla, na naiti, ile zamu ya usiku, ya Krismasi anaichukua mwenyewe. Dawa ikiisha anaandika kwa marka kwenye katoni, leo hatuna hiki na hiki, anaitundika getini, mgonjwa anasoma kabla hajafika kwangu. Katoni tu! Lakini ilinipunguzia matusi nusu. Nilikaa pale miaka tisa sijaomba transfa hata siku moja.

Pesa sijaisahau. 2022 daktari alipandishiwa mshahara mpaka shilingi milioni 5 kwa mwezi na manesi wakagoma, mi nilikuwa upande wenu (usimwambie baba yako, yeye anaamini mtu wa serikali hagomi). Lakini ulipokuwa unalia juzi hukutaja mshahara hata mara moja, nilikuwa nasikiliza. Ulitaja inchaji aliyekupanga naiti mfululizo kwa sababu huna mume, na yule mzee aliyekufa oksijeni ikitafutwa. Sasa hayo mawili siyo sawa. La kwanza lina dawa, nenda kwa prinsipo nasing ofisa, mkubwa wa manesi hapo hospitali, na rota zako za miezi mitatu mkononi, usiende na machozi, nenda na karatasi, uombe wodi nyingine. La pili sina dawa yake. Mimi wangu nawakumbuka bado, mmoja hata kanga yake naikumbuka rangi.

Ukiona bado unataka kwenda kufanya kazi Saudia, nenda, siwezi kukuzuia na umri huo. Ila nenda kama nesi, leseni ya Kaunsili ya manesi ikiwa haijaisha na mkataba umeandikwa nesi, usiache ajenti akupeleke kuwa hausigeli ati utapanda mbele kwa mbele. Na hiyo barua ya kuacha kazi usiiandike asubuhi ukitoka naiti. Lala kwanza, kula.

Nimekutumia simsim na ile samaki kavu kwa basi ya kesho usiku, konda nimempa namba yako. Ukichelewa kuichukua nyumba yote ya mapokezi itanuka samaki, mwaka jana walinipigia mimi kulalamika.

Nipigie ukiwa off.

Mama yako