Mtoto mmoja akivuma, nduguze nao wapangiwe

Mhariri,

Kila muhula unapoanza katika shule za huku Kisumu, Vihiga na Kakamega, hukosi mtoto aliyerudi akiwa ameshika jina likizoni. Video yake akicheza ngoma ya ohangla au isukuti imezunguka kote, redio imempigia simu, mwenye duka la nguo amempa fulana avae akirekodiwa. Magazeti nayo huandika, na hakuna ubaya. Lakini anayeletwa kwetu sisi walimu wa ushauri nasaha mara nyingi si yeye. Ni nduguye: ameacha kufanya kazi ya ziada, amepigana darasani kwa sababu ya neno moja, au anaomba ahamishiwe shule nyingine.

Wazazi wakiitwa husema, "Ni wivu tu, utaisha." Hapo tunatofautiana nao. Wivu upo, ila chini yake kuna mambo yanayoshikika: nani anakaa na simu, nani anateka maji, nani anapewa pesa, na nani aliulizwa kabla ya sura yake kuanikwa. Wengine hutukumbusha kwamba ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Methali hiyo inafaa ugomvi wa sahani na blanketi, unaozaliwa na kufa nyumbani. Huu wa sasa una watazamaji maelfu wanaouchochea mchana na usiku, na mzazi akienda kulima atakuta umekomaa.

Tuanze na simu. Katika nyumba nyingi za Nyalenda, Manyatta au Kaptembwo kule Nakuru, simu janja ni moja: mama anaitumia kwa M-Pesa na chama, mkubwa anapokea kazi ya shule kwenye WhatsApp ya darasa, mdogo anacheza michezo. Video ikivuma, simu inahamia mkononi mwa mmoja. Bando la wiki linakwisha siku ya tatu kwa kupakia video na kusoma maoni. Usiku ni mbaya zaidi, kwa kuwa maoni huingia hadi usiku wa manane na watoto hao hulala chumba kimoja, pengine kitanda kimoja. Mwanga na mtetemo wa simu huwakosesha usingizi wote wawili, kisha asiyevuma ndiye anayechapwa kwa maneno darasani kwa kusinzia. Dawa ni ratiba iliyoandikwa na kubandikwa ukutani: kazi ya shule ya watoto wote kwanza, video baadaye kwa muda usiozidi saa moja, na saa tatu usiku simu inarudi chumbani kwa mzazi. Bando la video litoke kwenye pesa za video. Likitoka kwenye pesa za unga, kila mlo mwembamba utahesabiwa kwa jina la mtoto huyo.

Kazi za nyumbani huharibika kwa nia njema. Mzazi anasema, "Mwache apumzike, kesho ana mahojiano," na mitungi miwili ya lita 20 aliyokuwa akibeba inamwangukia mwenzake. Mara ya kwanza hakuna anayelalamika. Ikifika wiki ya tatu, mtoto wa pili ameshaelewa kwamba kazi yake ni kumtumikia ndugu yake, ingawa hakuna aliyetamka hivyo. Mtoto aliyevuma abaki na angalau kazi moja ya kila siku ambayo asipoifanya nyumba nzima itajua: kuosha sufuria, kuwasha jiko, kumfungulia ng'ombe. Akiwa na safari, zamu ibadilishwe, isifutwe. Ukiniteke­a maji leo, Jumamosi nakufulia sare, na deni hilo liandikwe.

Sasa mpiga video, ambaye ndiye anayesahauliwa kuliko wote. Mtoto anayecheza hajishikii simu. Anayeishika ni kaka, dada au binamu wanayeishi naye. Huyo ndiye anayechagua mahali penye mwanga, anayehesabu "moja, mbili, tatu", anayerudia hadi mara kumi, anayekata kipande ambacho mbuzi alipita mbele. Umma unamwona mchezaji peke yake. Kisha anatokea mtu mzima mwenye ahadi, anasema video zinahitaji mtaalamu, na aliyeanzisha kazi anatolewa bila hata asante. Katika migogoro yote ya aina hii tunayoshughulikia, hakuna inayoacha kidonda kirefu kama huu. Mara nyingi akaunti ilifunguliwa kwa nambari au barua pepe yake, kwa hiyo siku ya hasira anabadilisha nywila au kufuta kila kitu, halafu anaitwa mchawi wa nyumba.

Ajali hiyo huzuilika. Akaunti isajiliwe kwa nambari ya mzazi, na uthibitisho wa hatua mbili uwashwe ili misimbo ya kuingia ije kwake. Jina la mpiga video liandikwe chini ya kila video, iwapo mwenyewe anataka. Hata mtaalamu akija, angalau video moja kwa wiki ibaki kuwa ya ndugu hao wawili peke yao. Na alipwe.

Pesa zenyewe huwa chache kuliko zinavyodhaniwa, na hapo ndipo fitina huingia. Jirani anasema, "Nyinyi sasa ni matajiri," na mtoto wa pili anaamini kuna hela anazofichwa. Wazazi wajue ukweli na wauseme mbele ya watoto wote. TikTok hairuhusu aliye chini ya miaka 18 kurusha matangazo ya moja kwa moja, ambako watazamaji hutuma zawadi zinazogeuzwa pesa. YouTube hugawa mapato ya matangazo kwa chaneli iliyofikisha wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au video fupi zilizotazamwa mara milioni 10 ndani ya siku 90, na mtoto wa chini ya miaka 18 lazima alipwe kupitia akaunti ya mzazi au mlezi. Kwa hiyo kinachoingia ni cha maduka, harusi na mikutano ya kisiasa, na huingia kwenye simu ya mzazi. Malipo ya maudhui ya kidijitali pia hukatwa ushuru wa asilimia 5, kama ilivyowekwa na Sheria ya Fedha ya 2023.

Tunashauri daftari la safu nne: tarehe, aliyetuma, kiasi, kilichofanyiwa. Likae mahali ambapo kila mtoto anaweza kulifungua. Kati ya kila shilingi 1,000, toa 200 za bando, nauli na mavazi. 500 ziende kwenye akaunti ya benki ya mtoto, ambayo mzazi huifungua kwa cheti cha kuzaliwa na kitambulisho chake. 200 za mpiga video. 100 za nyumba. Anayetaka kugawa kwa namna nyingine agawe, mradi mgao ujulikane kabla ya pesa kuingia. Zikishaingia hakuna mgao utakaoonekana wa haki.

Maoni ya watu huumiza pande zote mbili. Anayechezwa shere kwa rangi au mwili wake ni yule aliyevuma. Anayetetea jina lake shuleni ni nduguye, na ndiye anayesimamishwa masomo kwa kupigana. TikTok ina sehemu ya kuchuja maneno kwenye maoni, lakini vichujio vya moja kwa moja havina uhakika wa kukamata matusi ya Dholuo, Kiluhya au Sheng. Mzazi akae na watoto wote, wayaandike wenyewe matusi hayo kwenye kichujio, pamoja na namna tatu au nne za tahajia yake. Aangalie pia mwaka wa kuzaliwa uliowekwa kwenye akaunti. Mtoto wa miaka 13 hadi 15 hupewa akaunti ya faragha tangu mwanzo, na aliye chini ya miaka 16 hapokei ujumbe wa siri. Aliyejiongezea umri amevua ngao hizo mwenyewe.

Kuhusu idhini tutasema kwa ufupi. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka mzazi au mlezi akubali kabla ya data ya mtoto kushughulikiwa, lakini kukubali kwa mzazi hakutoshi ndani ya nyumba. Video ya mdogo akilia, akioga au akishtuliwa kwa mzaha isipakiwe kamwe, hata ikiahidi watazamaji. Mtoto wa miaka minane hawezi kukubali aibu atakayoifahamu akiwa na miaka kumi na minne.

Kuna jambo la mila ambalo washauri wa mijini hulipuuza. Katika boma nyingi za Waluo na Waluhya, kifungua mimba ana nafasi yake, na mdogo hatangulii kujenga simba, yaani nyumba ya kijana wa kiume bomani, kabla ya kaka yake. Mfadhili anapokuja na mabati kwa ajili ya kitinda mimba aliyevuma, anamweka kaka mkubwa mahali pasipo na jibu. Mwambieni atoe karo badala ya mabati, au ajenge chumba cha mama. Mapacha nao wana mzigo wa pekee. Opiyo akivuma, Odongo husimamishwa sokoni apigwe picha, na akikataa huambiwa ana maringo. Apewe ruhusa ya wazi ya kusema, "Mimi si yeye," na mavazi yao yasifanane siku za shule.

Umaarufu wa michezo ni afadhali kidogo. Timu ya taifa ya wasichana wasiozidi miaka 17, Junior Starlets, ilipocheza Kombe la Dunia katika Jamhuri ya Dominika mwaka 2024, timu ya kwanza ya soka ya Kenya kufika Kombe la Dunia la FIFA, wachezaji walikuwa na makocha na ratiba. Umaarufu wa simu hauna kocha. Huja bila kupangwa na huweza kuisha ndani ya mwezi mmoja, na ukiisha mtoto hurudi kwa nduguye aliyekwisha kununa. Wakati huo mzazi asiseme, "Si ulikuwa unaringa?" Awape kazi inayohitaji watu wawili, kama kupalilia mistari inayokabiliana au kupeleka mboga sokoni, na awaache wazungumze wakiwa tayari.

Tunakuomba wewe, Mhariri, na wanahabari wenzako mambo machache. Msitaje shule, kijiji na majina ya ndugu katika habari moja. Pateni idhini ya mzazi, na ya shule mkienda shuleni. Msimgeukie mtoto aliyeketi kando na kumuuliza, "Na wewe una kipaji gani?" Swali hilo hurushwa hewani kwa sekunde tano na hurudiwa uwanjani muhula mzima. Mkitaka kumhusisha, muulizeni alichokifanya katika video hiyo. Pengine ndiye aliyeipiga. Na chini ya habari hizo chapisheni nambari 116, ambayo mtoto yeyote nchini anaweza kuipiga bila malipo.

Walimu wa ushauri nasaha,
Kisumu na Vihiga