132 kwa 84: mbona hamniuzii dawa?

Msimu wa korosho, hela za mnada zikishaingia, foleni ya kupima presha hapa kwenye duka letu la dawa Mtwara mjini inafika barazani. Wengi hutoka na namba kama 132 kwa 84, yaani presha ya juu 132 na ya chini 84, na ubishi ukaanzia hapo. Huyu anasema yu mzima kabisa, yule anataka vidonge leo leo.

Ubishi huo hata madaktari wanao. Mwaka 2003 Wamarekani waliiita 120 hadi 139 ya juu, au 80 hadi 89 ya chini, hali inayotangulia ugonjwa. Novemba 2017 wakashusha mstari: ukifika 130 kwa 80, una presha tayari. Shirika la Afya Duniani lenyewe limebaki na 140 kwa 90. Basi mtu na 132 yake akipanda ndege kwenda Marekani, anashuka mgonjwa!

Mstari ulishushwa kwa sehemu kubwa na utafiti wa SPRINT wa mwaka 2015, wenye watu 9,361. Waliolengewa presha ya juu ishuke chini ya 120 walipata matatizo makubwa ya moyo na mishipa pungufu kwa robo hivi kuliko waliolengewa chini ya 140 tu. Ila wote walikuwa na miaka 50 au zaidi, tena walio hatarini. Wenye kisukari na waliowahi kupata kiharusi hawakuchukuliwa. Na waliopewa dawa nyingi walizimia na kusumbuliwa na figo zaidi. Kijana wa miaka 30 asijipachike humo.

Tena wale walipimwa mara tatu, baada ya kukaa kimya dakika tano. Wewe umeshuka bodaboda sasa hivi, mkojo umekubana, mkono wa shati umekunjwa juu, unapokea simu. Namba hiyo hata mimi siiamini. Ndiyo maana tunakukalisha kwanza, mgongo umeegemea, mkono mezani usawa wa moyo, mkanda wa kipimo unaokutosha mkono. Ukinuna, sawa.

Ikibaki 130 na kitu, tunakuandikia kwenye karatasi, unarudi siku nyingine mbili tatu, kisha unaipeleka kwa daktari. Dawa ya presha hatuuzi bila cheti chake. Wakati huo angalia ng'onda, samaki wa kukaushwa kwa chumvi: chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai, na ng'onda inakuja na yake. Iloweke, mwaga maji, halafu usiongeze nyingine kwenye mchuzi.

Ila ikisoma 180 kwa 120, au kifua kinabana, usikae foleni yetu. Nenda hospitali moja kwa moja.