Sinagogi ya Nairobi nayo ni urithi wetu

Mhariri,

Kila asubuhi matatu yetu hukwama kwenye msongamano pale Uhuru Highway inapokutana na University Way, nami huitazama sinagogi, nyumba ya ibada ya Wayahudi, nyuma ya miti yake. Abiria wengi hawajui ni jengo la nini. Juzi kijana mmoja aliniuliza kama ni ubalozi!

Wayahudi walifika hapa mapema. Mwaka 1903 Waingereza walijitolea kuwapa ardhi Uasin Gishu, mpango ambao mkutano mkuu wa Wazayuni, yaani Wayahudi waliotafuta nchi yao, uliukataa mwaka 1905. Lakini wachache walibaki, akiwemo Abraham Block, ambaye familia yake ilikuja kumiliki hoteli ya Norfolk. Sinagogi ya kwanza ilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1910. Hii tunayoiona ni ya miaka ya 1950.

Ile ya kwanza haipo tena, na hilo linaniuma. Waumini sasa ni wachache, na bei ya ardhi katikati ya jiji haihurumii majengo ya zamani. Naiomba serikali ya kaunti na Makumbusho ya Taifa wakae na waumini wenyewe, picha na daftari za kale zinakiliwe, na wazee wahojiwe wangali hai.

Msomaji wako,
Ngara, Nairobi