Malalamiko kuhusu koili ya Beetle mliyoniuzia na majibu mliyonipa

Kilifi,
9 Juni

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja,
Nairobi.

Bwana Meneja,

KUH: KOILI YENYE MAANDISHI YASIYO YA KWELI

Tarehe 14 Machi niliagiza kwenu koili (kifaa kinachopandisha volti ili plagi zitoe cheche) ya Volkswagen Beetle ya volti 12, pamoja na pointi (swichi ndogo zinazofunga na kukata umeme wa koili), kondensa na rota. Nililipa shilingi 9,200, na koili peke yake ilikuwa 4,800. Boksi lake limeandikwa kwamba ni koili ya volti 12 isiyohitaji rezista, yaani kipunguza umeme, ya nje. Maandishi hayo si ya kweli, na kwa sababu yake gari langu limenizimikia barabarani mara nne. Nimewaandikia mara tatu, na mara zote tatu lawama mmeitupia gari. Naomba barua hii aisome mtu anayeijua injini.

Gari lenyewe ni bagi ya ufukweni, bodi ya faibaglasi iliyokalishwa juu ya chesi ya Beetle iliyokatwa na kufupishwa. Mtindo huo aliuanzisha Bruce Meyers huko California mwaka 1964, ukaigwa dunia nzima. Hii yangu aliiunda marehemu mjomba wangu kwa mikono yake miaka ya sabini. Beetle hakuichagua kwa kubahatisha. Mjomba alikuwa kijana wakati dereva Tommy Fjastad aliposhinda Safari Rally ya 1962 kwa gari hilo, na hadithi ile aliisimulia mpaka siku zake za mwisho. Baada yake bagi ilikaa chini ya mwembe miaka 19. Tulipoifunua, chumvi ya bahari ilikuwa imekula sakafu pande zote mbili. Mimi na fundi wangu tuliifanyia kazi mwaka mmoja na nusu. Injini, yenye ujazo wa sisi (cc) 1584, tuliifungua yote, tukabadilisha pete za pistoni, valvu tukazipima milimita 0.15 injini ikiwa baridi, na kompresheni ikatoka sawa kwenye silinda zote nne. Nayataja haya kwa sababu jibu lenu la kwanza lilisema injini "imechoka".

Sasa ugonjwa wenyewe. Asubuhi injini inawaka kwa starta moja na inanguruma vizuri. Ninatoka Kilifi kuelekea Mtwapa, na baada ya dakika ishirini na kitu, nikikaribia Vipingo, inaanza kukohoa, inapoteza nguvu, inazima. Nikikaa kando ya mashamba ya mkonge kama dakika arubaini, inawaka tena kana kwamba hakuna lililotokea. Mara ya tatu ilizima saa moja usiku, mjukuu wangu wa miaka sita yuko kando yangu na malori ya Malindi yanatupita kwa kasi. Bagi haina milango, Bwana Meneja. Nilimbeba mtoto nikasimama naye kwenye nyasi mpaka pikipiki ya jirani ilipotufikia.

Mliponijibu mara ya pili, mlisema ni petroli inayochemka kwenye mipira ya mafuta kwa joto la Pwani, mkanishauri ninunue kwenu seti ya kukarabati kabureta kwa shilingi 6,500. Nikanunua. Tukasafisha tangi, tukabadilisha mipira na filta, tukaisogeza bomba ya mafuta mbali na injini, tukahakikisha mabati yanayoelekeza upepo wa feni kwenye silinda yote yapo na mipira yake haina mwanya. Injini ya kupozwa kwa hewa haisamehe mwanya. Gari likazima palepale.

Safari ya nne nilikwenda na fundi makusudi ili tulishike lenyewe likizima. Lilipozima, kabla halijapoa, alifungua kichujio cha hewa akasukuma aksileta kwa mkono. Petroli ikaruka ndani ya kabureta kama kawaida, kwa hiyo mafuta yalikuwapo. Kisha akachomoa waya mmoja wa plagi, akausogeza karibu na chuma, nami nikapiga starta. Cheche ilikuwa ya manjano, nyembamba, inakuja na kupotea. Akagusa koili akarudisha mkono haraka, maana ilikuwa haishikiki. Akafunga koili yake kuukuu aliyoibeba kwenye boksi la vyombo, gari likawaka hapohapo, tukaenda Mtwapa na kurudi Kilifi bila kusimama.

Nyumbani tuliiacha koili yenu ipoe, tukaipima kwa mita kati ya ncha namba 15 na namba 1. Ilisoma omu 1.4 (omu ni kipimo cha ukinzani; zikiwa chache, umeme mwingi hupita). Koili ya zamani ya mjomba, ambayo niliitoa kwa sababu tu ncha zake zilikuwa zimeshika kutu, ilisoma 3.3. Hapa ndipo penye shida yote. Injini ikizunguka, umeme wa gari hufika volti 14 hivi. Ukigawa kwa 3.3 unapata ampea 4 na kidogo kila pointi zinapofunga. Ukigawa kwa 1.4 unapata ampea 10. Koili ya omu 1.4 hutengenezwa kwa magari yenye rezista kwenye waya wake. Beetle ya volti 12 haina rezista hiyo. Kwa hiyo koili inapikika polepole mpaka cheche inafifia, na pointi, ambazo hazikuundwa kubeba umeme mwingi hivyo, zinaungua. Zangu zimeungua seti mbili tangu Machi, nami nilidhani kosa ni la kondensa.

Kilichoniuma zaidi ni jibu lenu la tatu. Mliandika kwamba gari langu "si la kiwandani, ni la kuungaunga," kwa hiyo dhamana haifanyi kazi, na kwamba huenda athi, njia ya umeme kurudi kwenye betri, ni mbovu kwa kuwa bodi ni faibaglasi. Ni kweli faibaglasi haipitishi umeme, na ndiyo maana kila taa na kila geji tumeivutia waya wake wa athi mpaka kwenye chesi. Lakini koili haijui imefungwa kwenye bodi gani. Injini ni ya Beetle na distributa ni ya Beetle. Kuipima koili kunachukua dakika moja, na katika wiki kumi na mbili hakuna mtu kwenu aliyetoa nyingine kutoka stoo akaipima, ingawa niliomba hivyo kwa maandishi tarehe 22 Aprili.

Nadai nirudishiwe shilingi 4,800 za koili, 6,500 za seti ya kabureta niliyoinunua kwa ushauri wenu, 1,900 za seti mbili za pointi, na 7,000 nilizolipa kuvutwa mara mbili. Jumla ni shilingi 20,200. Risiti zote na picha za mita nimeziambatisha, na koili yenyewe ninayo, njooni muichukue. Nadai pia mzitoe dukani koili zote za boksi hilo mpaka zipimwe, na muwajulishe waliokwisha kuzinunua. Wengine wao wanaendesha usiku na watoto.

Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, haki ya kupewa habari zinazohitajika kuzitumia, na haki ya fidia akipata hasara kwa kasoro za bidhaa hizo. Nawapa siku 14 tangu mtakapopokea barua hii. Zikipita bila jibu nitapeleka dai langu katika Mahakama ya Madai Madogo, na fundi wangu amekubali kuja na mita yake.

Wenu mteja,
mwenye risiti ya tarehe 14 Machi