Saa Zisizo na Mwenyewe

Sahibu yangu,

Ningeanza na "mimi ni mzima wa afya, hofu ni kwako uliye mbali", ila barua za namna hiyo tuliandika za kutosha kwenye mitihani ili tu tusikose alama za muundo. Tuseme basi kwamba nipo, nimezoea kiasi, na barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema unakesha na vitabu, na bado jaribio limekutoa jasho. Unasema pia umezungukwa na mamia ya watu na huna hata mmoja wa kumwambia "twende". Nayajibu yote mawili kwa pamoja, maana kwa macho yangu yana chanzo kimoja: saa zisizo na mwenyewe.

Kumbuka sekondari. Siku yote ilikuwa na mwenyewe: kengele, zamu, prepo, mwalimu anayepita akikagua madaftari. Huku chuoni ratiba inakupa mhadhara asubuhi na mwingine alasiri, na katikati linabaki pengo ambalo hakuna atakayekuuliza ulilifanyia nini. Ukiliona unadhani umepewa mapumziko. Kumbe pengo hilo limeshahesabiwa. Katika mfumo wa krediti wa vyuo vya Ulaya, kwa mfano, krediti moja ni kazi ya saa 25 hadi 30 za mwanafunzi, na saa za mihadhara ni sehemu tu ya hizo. Zilizobaki umeachiwa wewe, kimyakimya. Ndiyo maana wengi wetu tunazilala mchana halafu tunataka kuzilipa usiku wa manane kabla ya mtihani.

Na kukesha kwenyewe hakulipi unavyodhani. Kuna Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, ambaye mwaka 1885 alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Alikariri silabi zisizo na maana yoyote, kisha akapima zilivyokuwa zikimtoka kichwani. Mtu wa subira ya ajabu, sijui nani alikuwa akikaa naye. Aligundua kwamba kurudia mara 38 kwa kugawanya katika siku tatu kulimfaa sawa na kurudia mara 68 kwa mkupuo siku moja. Karibu nusu ya jasho, matokeo yaleyale! Sasa pima usiku wako wa kukesha kwa hesabu hiyo.

Jambo la pili ni hili la kusoma madesa na kuyarudia mpaka yakuzoee. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi kifungu wakisome. Baadhi walikisoma tena, wengine walifunika na kuandika walichokumbuka. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: walioandika kutoka kichwani walikumbuka asilimia 56, waliorudia kusoma asilimia 42. Dakika tano zile ndizo zinazotudanganya. Unafunga daftari ukijiona umeelewa, kumbe umelizoea tu kwa macho.

Ninavyofanya mimi: mhadhara ukiisha natoka, nakaa kwenye ngazi za nje, nachukua karatasi tupu, na daftari linabaki ndani ya begi. Naandika kila nilichobaki nacho. Mwanzoni karatasi inatia aibu: kichwa cha mada, fasili iliyokatika katikati, mshale unaotoka kwenye neno moja na kutoelekea popote. Hapo ndipo nafungua daftari, na kwa kalamu nyekundu naziba mianya. Kesho yake nairudia kazi hiyo bila kuangalia, kisha tena wiki ikiisha. Haichukui muda, lakini inauma kidogo, na nadhani ule uchungu ndio kusoma kwenyewe.

Sasa marafiki. Hapa nitakukatalia waziwazi: huna kasoro yoyote. Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas alikadiria kwamba mtu unayemfahamu tu huhitaji kama saa 50 za kuwa pamoja ndipo awe rafiki wa kawaida, na zaidi ya saa 200 ndipo awe wa karibu. Mimi na wewe tulizipata shuleni bila kuzitafuta, kwa kupangwa dawati moja. Huku hakuna anayekupangia dawati. Kwa hiyo jipangie: kaa sehemu ileile kila mhadhara, karibu na watu walewale. Aliye kushoto kwangu tulianza kwa kugombea soketi ya chaji. Ikafuata "leo amesema ukurasa wa ngapi?", na sasa kila wiki tunaelezana mada kwa zamu kabla ya semina. Akieleza akakwama, naye anajua alipokwama.

Lakini chagua kundi lako. Yako makundi ya kujisomea ambayo kitabu hufunguliwa kwa heshima tu, kisha umbea unashika usukani hadi taa zinazimwa. Sikatai umbea, una saa zake nao. Ubaya ni kutoka pale ukijihesabia kwamba umesoma. Na vyama vya wanafunzi vitakuvuta kila upande wiki za mwanzo. Chukua kimoja unachokipenda, uhudhurie kweli.

Kuhusu kukumbuka nyumbani, hata mimi hunishika, hasa Jumapili jioni. Nimeacha kujitia ushujaa, napiga simu.

Mhadhiri wako naye usimwogope. Kama ametangaza saa za kuonana na wanafunzi, nenda na swali moja ulilolihangaikia. Wengi hawaendi, kwa hiyo hutapanga foleni.

Nina semina mchana huu na swali la pili sijaligusa, naishia hapa. Nitumie ratiba yako jinsi ilivyo, na mapengo yake yote, tuone ni saa ipi tunaweza kuongea kila wiki bila kugongana na kazi za watu wengine.

Wako wa dawati moja