Jogoo kauzwa mara tatu

Shosti, habari za Mwanza? Sisi Moshi wazima, baridi tu imeanza kung'ata. Lile tamasha la kumkumbuka Mwalimu wetu wa kwaya limepita salama jamani, na nimeona nikuandikie vizuri maana zile klipu za kwenye grupu hazioneshi kitu, mtu anashika simu huku anacheza unategemea nini.

Watu walijaa mpaka nje, wa Pasua, Njoro, Soweto, hadi wa Old Moshi walishuka na matarumbeta yao, na we unajua yale yakianza hata mwenye goti bovu anasimama. Mchungaji akasema kila kwaya nyimbo mbili tu, weee, nani alimsikiliza! Sisi tuliimba alizotufundisha mwenyewe. Mwanae alikuja na lile daftari la nota, unalikumbuka, limefungwa kwa mpira wa baiskeli, do re mi zote kwa penseli na pembeni kaandika "sauti ya pili msivute!!" nikacheka huku nalia, maana aliyekuwa anavuta tunamjua, usijifanye umesahau haha.

Sa hela za kuwasomesha vijana ufundi. Kiingilio hakikuwepo, bahasha zilipita, namba ya lipa ikabandikwa ukutani, ila pesa ya maana ilitoka kwenye mnada. Mama mmoja wa Kibosho kaleta mkungu wa ndizi, wengine mayai, parachichi, lakini kilichotuua ni jogoo. Mwekundu, kafungwa miguu kwa katani. Akanunuliwa elfu 30, aliyenunua akasema namrudisha auzwe tena, akauzwa, akarudishwa, mara ya mwisho kamchukua mzee mmoja wa msikiti wa jirani, Mwalimu si aliwafundisha wajukuu zake hesabu bure, vigelegele hivyo! Jogoo mwenyewe kashachoka anafumba macho tu.

Alafu kwenye kamati ukaanza ubishi, na nataka ujue msimamo wangu kabla hujasikia kwa wengine. Kuna waliotaka vijana wapewe hela mkononi, wale wanaoshinda stendi na wale wanaosubiri msimu wa watalii wakabebe mizigo mlimani kama wagumu, wanaosema wanataka kusoma ufundi. Mi nikakataa. Ada yenyewe si ndo inayowashinda sana, VETA, vile vyuo vya ufundi vya serikali, ukisoma kutwa ni 60,000 kwa mwaka, kinachowarudisha nyumbani ni ovaroli, buti, vifaa vya kujifunzia, nauli ya kila siku na kula mchana. Unampa dogo hela wakati kwao hawajala toka jana, hiyo hela inanunua unga, na wala simlaumu. Kwa hiyo tununue vitu na tulipie nauli, na chakula kiwe na fungu lake kabisa, sio kujifanya njaa haipo. Mwalimu si alikuwa anasema kwaya inayoimba huku jirani kalala njaa ni redio tu. Mhazini akaniambia unaongea sana kama yeye, nikachukulia ni sifa. Tumekubaliana vitu.

Na yule kijana wa Majengo aliyelipiwa uchomeleaji na Mwalimu, zamani ile alikuwa mpiga debe, ndo aliyechomelea jukwaa lote, hakutaka hata senti. Akaitwa kutoa ushuhuda akasema "mi sijui kuongea, angalieni jukwaa" akashuka. Mbona watu walipiga makofi.

Sasa na wewe, ile cherehani uliyoahidi kwenye simu tumeiandika. Wasichana wa ushonaji wanaanza Januari na mpaka sasa hatujapata hata moja, kwa hiyo usingoje Desemba bei ipande. Hela usitume kwangu, tuma kwa mhazini, alafu nitumie ile meseji ya muamala nikuweke tiki. Na mwakani njoo bwana, sauti ya pili tumebaki wachache na mmoja ana mafua yasiyoisha.

Wasalimie watoto na shemeji.

Mwenzio wa sauti ya pili