Tusiwacheke wajukuu wanaorudi kutoka ughaibuni

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo hapa Dodoma tunalisema sana, barazani na hata misibani, na aghalabu kwa kukata tamaa: kwamba watoto wetu waliohamia ng'ambo wametupa mila, na kwamba wajukuu wanaozaliwa huko si wenzetu tena. Mimi ni mwalimu mstaafu, mkazi wa Chamwino, na binti yangu ni muuguzi katika mji wa Leicester, Uingereza, ambako ameishi kwa miaka 15. Desemba iliyopita alikuja likizo na bintiye wa miaka 9. Siku waliyofika, mtoto yule aliingia uani, akapiga goti mbele ya wazee na kusema "Mbukwenyi", salamu yetu ya Kigogo, kwa sauti ya kusikika, kama mama yake alivyomfundisha. Binamu zake waliangua kicheko kwa sababu alilitamka neno hilo kwa lafudhi ya Kiingereza. Kwa siku 18 zilizobaki hakutamka tena neno la Kigogo wala la Kiswahili. Aliitikia kwa kichwa tu. Jambo hilo limeniuma, na ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Anayedhani kwamba mila hufa mara mwenye nayo anapovuka bahari angeshangazwa na mji wa Leicester. Idi Amin alipowafukuza Waasia wa Uganda mwaka 1972, maelfu yao walikimbilia Uingereza na wengi wakafanya makazi katika mji huo. Hao walikuwa wahamiaji mara mbili, kwa maana babu zao walitoka Gujarat kuja Afrika Mashariki, nao wakaondoka Afrika Mashariki kwenda kuanza upya kwenye baridi. Walikwenda na lugha yao na ibada zao, lakini walibeba pia vya kwetu, na hadi leo muhogo kwao huitwa "mogo", hukaangwa kwa pilipili na kuliwa na vijana ambao hawajapata kuiona Kampala wala Dar es Salaam. Binti yangu husimulia kwamba katika juma lake la kwanza, akiwa bado hana hata rafiki, mzee mmoja mwenye duka alimsikia akizungumza kwenye simu, akamuuliza kwa Kiswahili ametoka wapi, kisha akamfungia muhogo na bamia na kukataa malipo. Mlenda wa kwanza alioupika ugenini ulitokana na bamia zile, kwa kuwa mlenda mkavu niliomfungashia ulikuwa bado sandukuni, akiuona wa thamani mno kuugusa.

Hapa mjini kwetu tunao mfano wa namna hiyohiyo. Reli ya kati ilipofika Dodoma mwaka 1910, wafanyabiashara wa Kihindi waliifuata, wakafungua maduka na kujenga nyumba za ibada. Wajukuu na vitukuu vyao huzungumza Kigujarati au Kikachi nyumbani na Kiswahili dukani, na wapo wanaotusalimu kwa Kigogo bila kubabaika. Hatujapata kusema kwamba watu hao wamepotea. Kinyume chake, tunawasifu kwa kutoisahau lugha ya babu zao. Iweje basi mtoto wetu anayejaribu kazi hiyohiyo akiwa mbali, na akiwa na mwalimu mmoja tu ambaye ni mama yake, apokewe kwa kicheko?

Najua kwamba mambo hubadilika yakifika huko, nami sioni aibu katika hilo. Msiba ambao hapa ungekusanya watu kwa siku kadhaa, kule husubiri Jumamosi, kwa sababu mwajiri hatoi ruhusa ya matanga; watu hukodi ukumbi, huchangishana kwa simu, hupika pilau kwa zamu na kulia pamoja hadi jioni. Chama chao cha kufa na kuzikana kina Wachaga, Wahaya, Wanyakyusa na Wagogo wachache, watu ambao wangebaki nyumbani pengine wasingekaa chungu kimoja. Katika sherehe ya kumuaga bibi harusi mmoja, binti yangu aliwafundisha wenzake kupiga muheme, ngoma ambayo kwetu hupigwa na wanawake, na kwa kuwa ngoma zenyewe hazikuwapo walitumia ndoo za plastiki na kunyamaza ifikapo saa nne usiku kwa ajili ya majirani. Alinitumia picha za video. Mkono wa kushoto ulikuwa mzito kidogo, lakini mapigo yalikuwa yale niliyofundishwa na mama yangu, na nilipoyasikia nilitokwa na machozi.

Nitasema pia lile ambalo baadhi ya wazee wenzangu hawapendi kulisikia. Kuhama kumewapa watoto wetu nafasi ya kuacha yaliyostahili kuachwa. Mkoa wetu umekuwa miongoni mwa mikoa yenye ukeketaji mwingi nchini, ingawa sheria ya mwaka 1998 inaukataza kwa wasichana walio chini ya miaka 18, na Uingereza sheria ya mwaka 2003 inamtia hatiani hata anayemsafirisha msichana kwenda kukeketwa nchi nyingine. Jirani mmoja aliponiuliza kwa sauti ya chini kama mjukuu wangu ameletwa kwa shughuli hiyo, nilimjibu kwamba ameletwa kumwona bibi yake, na kwamba nitampa mila zetu zote isipokuwa hiyo.

Mfano unaonipa moyo kuliko yote ni wa Wazigua. Katika karne ya 19 wengi wao walichukuliwa utumwani hadi Somalia, na wazee wao husimulia kwamba baadhi walidanganywa wakati wa njaa kuwa wanapelekwa kwenye kazi. Waliotoroka walijenga vijiji kando ya mto Juba, wakalima mahindi na kuendelea kusema Kizigua, kizazi baada ya kizazi, miongoni mwa watu wasioijua lugha hiyo. Vita vya mwaka 1991 vilipowatawanya, wengine walipokewa Marekani pamoja na Wabantu wenzao wa Somalia, na wengine wakarudi Tanzania, wakapewa makazi Chogo, wilayani Handeni, na baadaye uraia. Waliofika Handeni waliweza kusemezana na wenyeji, ingawa Kizigua chao kilikuwa kimekwisha kuokota maneno ya Kisomali. Zaidi ya miaka 100 ilikuwa imepita, bila shule ya Kizigua wala redio. Walikuwa na mashamba, masimulizi ya wazee, na naamini walikuwa pia na subira kwa watoto waliokosea.

Subira hiyo ndiyo ninayoiomba kwa wasomaji wako wenye ndugu ughaibuni. Mzazi aliye mbali hutoka kazini amechoka na hana shangazi wala bibi wa kumsaidia kulea lugha, ilhali sisi tulio hapa tuna muda na tuna simu. Tangu Januari nampigia mjukuu wangu kila Jumapili jioni, namsimulia hadithi ya sungura na fisi kwa Kigogo, kisha kwa Kiswahili, na simkatishi anapokosea. Majuma sita ya kwanza alisikiliza tu. Juma la saba aliuliza fisi huitwaje. Binamu zake huketi nami wakati wa simu hizo, na yule aliyecheka zaidi siku ile ndiye sasa anayemsaidia kutamka.

Msomaji wako,
Mwalimu mstaafu,
Chamwino, Dodoma